Supakapasita: Mwongozo Kamili wa Kuitumia kwa Usalama na Kuelewa Inavyoharibika

Fundi anayefanya kazi Uganda leo anaweza kukutana na supakapasita mahali pengi: ndani ya vifaa vinavyohitaji kutunza kumbukumbu umeme unapokatika, katika mashine ndogo za kulehemu seli za betri za lithiamu, kwenye pikipiki ambayo mwenyewe amechoka kununua betri, na katika mifumo midogo ya sola. Ni kifaa kizuri cha kuhifadhi umeme. Hupokea chaji kwa muda mfupi sana, hustahimili kujazwa na kutumiwa mara mamia ya maelfu, na ndani yake hamna risasi wala asidi. Lakini wengi wanaokitumia wamekijia kutoka kwenye betri, au kutoka kwenye kapasita ndogo za redio, na mazoea ya huko ndiyo yanayowaponza. Mwongozo huu ni wa fundi, wa mwanafunzi wa ufundi, na wa yeyote anayetaka kujenga benki ya supakapasita, yaani seli kadhaa zilizounganishwa pamoja, kwa mikono yake. Jambo moja linapita ndani yake mwanzo hadi mwisho: kinachopaswa kulindwa ni volteji ya kila seli, si jumla ya benki, kwa kuwa jumla inaweza kusomeka vizuri kabisa wakati seli moja inaendelea kufa.

Kilichomo ndani ya kopo

Ndani ya kopo la alumini mna mikanda miwili ya alumini nyembamba iliyopakwa kaboni yenye vinyweleo vingi mno. Mikanda hiyo hutenganishwa kwa karatasi, hukunjwa pamoja, na kuloweshwa elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha chaji. Chaji hukaa mpakani, pale kaboni inapogusana na kimiminika, katika tabaka jembamba la kiasi cha nanomita moja hivi. Wembamba huo ndio unaoipa seli mamia au maelfu ya faradi (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji), na ndio pia unaoifanya isivumilie volteji kubwa. Ikivushwa kikomo chake, elektroliti huanza kuvunjika kikemikali na kutoa gesi. Seli nyingi zilizoko sokoni zimeandikwa volti 2.5, 2.7 au 3.0. Zile ndogo zenye umbo la sarafu, zilizoandikwa volti 5.5, ni seli mbili au zaidi zilizobebanishwa ndani ya ganda moja. Ukinzani wao wa ndani ni mkubwa, na hazifai kazi yoyote inayohitaji mkondo mkubwa.

Elektroliti inayotumika sana ni chumvi iliyoyeyushwa katika asetonitrili. Kimiminika hiki huchemka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, na mvuke wake unaweza kushika moto kwa cheche kuanzia nyuzi 2 tu, kwa hiyo hakuna karakana Uganda yenye baridi ya kuuzuia. Watengenezaji wengine hutumia propilini kaboneti, ambayo haishiki moto kwa wepesi huo ingawa ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji hueleza ni ipi. Usipokuwa na karatasi hiyo, chukulia kwamba ni asetonitrili na ujilinde ipasavyo.

Nishati iliyomo hupatikana kwa kuzidisha faradi kwa volti, kisha kwa volti tena, na kugawanya kwa mbili. Seli sita za faradi 500 na volti 2.7, zikiunganishwa kwa mfuatano, zinakuwa benki ya faradi 83 hivi na volti 16.2, yenye juli zipatazo 10,900. Nishati hiyo ingetosha kuinua gunia la kahawa la kilo 60 zaidi ya mita 18 kwenda juu. Hata hivyo, hatari kuu haimo katika wingi wa nishati, kwani betri ndogo ya pikipiki ina nyingi kuliko hiyo, bali katika kasi ya kuitoa. Kama kila seli ina ukinzani wa ndani wa miliohmu 3, benki nzima ina miliohmu 18, na spana ikiangukia vituo vyote viwili itapitisha karibu ampea 900. Volti 16 hazikupigi shoti kupitia ngozi kavu, na hilo huwafanya watu waidharau benki. Lakini pete au saa ya chuma ikigusa vituo hivyo inaweza kuunguza kidole hadi ndani kabla mtu hajapata nafasi ya kuuvuta mkono. Benki zinazokaribia au kupita volti 60 huongeza pia hatari ya kupigwa na umeme, na hazifai kuwa kazi ya kujifunzia.

Kwa nini jumla haitoshi

Seli zilizounganishwa kwa mfuatano hupitisha mkondo uleule, na kwa hiyo hupokea kiasi kilekile cha chaji. Yenye faradi chache hujaa mapema, na volteji yake hupanda kuliko ya wenzake. Chukua benki ya seli sita ambamo tano zina faradi 500 kamili na moja imechoka imebaki na 400. Ukiichaji hadi volti 15, hesabu ya haraka itakupa volti 2.5 kwa kila seli na utaridhika. Hali halisi ni kwamba zile tano zitakuwa na volti 2.4 kila moja, na ile dhaifu itakuwa na volti 3.0, yaani volti 0.3 juu ya kikomo chake. Multimita iliyowekwa kwenye ncha za benki itasoma 15 na haitakuonyesha chochote kibaya.

Tofauti za namna hii hazisubiri uzee. Watengenezaji wenyewe huruhusu faradi za seli mpya zipishane, na kupishana kwa asilimia 20 si jambo la ajabu. Baadaye joto huongeza mwanya, kwa sababu seli iliyo karibu na injini huzeeka kabla ya nyingine, hupoteza faradi, hupokea volteji kubwa zaidi, na volteji hiyo huizeesha kwa kasi zaidi. Wakati wa kutumia chaji, mambo hugeuka. Seli dhaifu hufika sifuri kwanza, na zile zenye nguvu huendelea kuisukumia mkondo hadi ncha zake zinageuka, chanya ikawa hasi. Kugeuzwa huko huiumiza, na tena jumla ya benki haikuambii kwamba kumetokea.

Kupima seli kabla ya kujenga

Seli zilizotolewa kwenye vifaa vikuukuu, na zile zenye maandishi makubwa kuliko kilichomo ndani, zimejaa sokoni. Usijenge na seli ambayo hujaipima. Multimita ya kawaida haiwezi kusoma faradi nyingi kiasi hicho kwa kitufe chake cha kapasita, lakini multimita hiyohiyo, rezista moja na saa ya simu vinatosha.

Anza kwa macho. Kifuniko chenye afya ni bapa, na alama iliyochongwa juu yake, ambayo ndiyo njia dhaifu ya kutolea gesi, iko nzima. Kataa seli yenye kifuniko kilichotuna, yenye unyevu au ukoko mweupe shinani mwa miguu, au yenye ganda la plastiki lililosinyaa kwa joto. Hakikisha pia unajua upande hasi: kwa kawaida una mstari ubavuni mwa kopo, na katika seli mpya mguu mrefu ndio chanya.

Kisha ichaji seli peke yake kwa chanzo kilichowekwa volti 2.5 na kikomo cha ampea 2. Seli ya faradi 500 itachukua kama dakika 10 kufika hapo. Iache kwenye chanzo kwa saa moja zaidi, kwa kuwa vinyweleo vya ndani kabisa vya kaboni huchelewa kujaa, na ukipima mapema utaidhulumu seli nzuri.

Sasa itenge na chanzo, unganisha rezista ya ohmu 1 yenye uwezo wa wati 10, na uanze kuhesabu muda. Weka ncha za multimita kwenye miguu ya seli yenyewe, si kwenye waya wa rezista. Volteji ikishuka kutoka 2.5 hadi 0.92, simamisha saa. Idadi ya sekunde, ukiigawanya kwa ohmu za rezista pamoja na waya wake, ndiyo idadi ya faradi. Sekunde 500 zinaonyesha seli ya kweli ya faradi 500. Sekunde 300 zinaonyesha faradi 300, hata kopo liandikwe nini. Rezista itapata moto, kwa hiyo iweke juu ya kigae au tofali, si juu ya meza ya mbao.

Ukinzani wa ndani hupimwa kwa mkondo mkubwa zaidi. Ijaze seli tena hadi volti 2.5, uitenge na chanzo, kisha iunganishe na rezista ya ohmu 0.1 yenye wati nyingi kwa sekunde mbili au tatu tu, na utazame volteji inavyoruka juu mara unapoiondoa rezista hiyo. Kwa mkondo wa ampea 25, mruko wa milivolti 75 ni sawa na miliohmu 3. Kasi ya multimita huathiri usomaji huu, hivyo usiuchukue kama kipimo cha maabara. Thamani yake ni kulinganisha seli na seli. Ile inayoruka maradufu ya wenzake haina nafasi kwenye benki.

Kipimo cha mwisho ni cha uvujaji, na ndicho ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu kinahitaji siku nzima. Zishike seli zote kwenye volti 2.5 kwa saa kadhaa, zitenganishe, ziache kwenye joto lile lile, na uzipime baada ya saa 24. Zote zitakuwa zimeshuka kidogo. Iliyoshuka sana kuliko kundi lake inavuja ndani, na ukiiweka kwenye mfuatano itavuruga mgawanyo wa volteji benki ikiwa imetulia tu mezani. Andika matokeo ya kila seli juu ya ganda lake kwa kalamu isiyofutika, kisha panga pamoja zile zinazokaribiana.

Kujenga benki

Idadi ya seli hutokana na volteji ya juu kabisa ambayo mfumo unaweza kufika, si ile iliyoandikwa. Pikipiki ya volti 12 huchaji kwa volti 14.4 hivi. Seli sita zitapata volti 2.4 kila moja, na akiba hiyo chini ya 2.7 ina manufaa makubwa kwa maisha ya benki, kama nitakavyoonyesha mbele. Lakini pikipiki ina regyuleta, kifaa kinachodhibiti volteji ya kuchaji, na regyuleta huungua. Betri ya asidi humeza sehemu ya ziada hiyo na kuibana volteji. Supakapasita haibani chochote, hufuata tu volteji inakokwenda, hata kama ni volti 20. Kwa hiyo benki ya bodaboda bila kifaa cha kukata volteji inayozidi ni benki isiyokamilika. Kwa maoni yangu, pikipiki inayofaa kubadilishiwa betri kwa supakapasita ni ile yenye teke la kuwashia tu, kwa sababu benki hujishukia yenyewe ikikaa siku kadhaa, na king'ora cha wizi kinaweza kuimaliza kwa usiku mmoja. Mwenye pikipiki ya kitufe na aambiwe hilo kabla ya kulipa.

Kila seli lazima iwe na kisawazishaji. Njia rahisi ni rezista sambamba na kila seli, inayopitisha mkondo unaozidi uvujaji wa seli kama mara kumi. Rezista ya ohmu 220 kwenye seli ya volti 2.7 hupitisha miliampea 12 hivi, na hiyo hufaa seli nyingi za ukubwa huu. Husawazisha polepole, kwa saa na siku, na huimaliza benki iliyoachwa bila chaji. Njia ya pili ni ubao wenye saketi inayofunguka seli inapokaribia kikomo na kuupitisha mkondo wa ziada pembeni. Hapa pana mtego mmoja ambao maandishi ya bidhaa hayautaji mara nyingi: ubao huo una kikomo cha mkondo. Kama unaweza kupitisha nusu ampea pembeni nawe unachaji kwa ampea 10, zile ampea 9.5 zilizobaki zinaendelea kuijaza seli iliyokwisha kujaa. Taa ndogo ya ubao itawaka, fundi atadhani kinga inafanya kazi, na seli itakuwa inavuka kikomo taa ikiwaka.

Maungio yafanywe kwa vipande vipana vya shaba au alumini, vilivyosuguliwa hadi ving'ae kabla ya kufungwa. Alumini hujivika tabaka la oksidi hewani, na pale inapogusana na shaba kwenye unyevunyevu, kama wa miji iliyo kando ya Ziwa Viktoria, hulika taratibu. Ungio lililolegea hupata moto, na moto huo hupenya moja kwa moja kwenye seli. Seli zenye miguu zilehemiwe kwa haraka, sekunde tatu au nne kwa kila mguu, na risasi ya kulehemia isiguse kamwe kopo lenyewe.

Kila seli ishikwe kwa kubana kopo lake kwa kibano au kishikizi. Barabara zetu za murram hutikisa kila kitu, na seli inayoning'inia kwa miguu yake itakatika mguu, ikitoa cheche hapohapo penye mkondo mkubwa. Acha nafasi tupu juu ya alama ya kutolea gesi. Usiifunike kwa gundi, wala usiielekeze usoni mwa mpanda pikipiki au kwenye waya. Boksi liwe na matundu, liwe mbali na bomba la moshi, na lisizibwe kabisa.

Fyuzi ndicho kitu cha kwanza baada ya kituo chanya, karibu kadiri inavyowezekana. Chagua iliyotengenezwa kwa umeme wa moja kwa moja na yenye uwezo wa kukata mkondo wa shoti wa benki yako. Fyuzi za kawaida za gari zenye miguu bapa kwa kawaida hukadiriwa kukata hadi ampea 1,000 kwenye volti 32, kwa hiyo benki ya mfano wetu inakaribia ukingo wake. Benki yenye ukinzani mdogo zaidi inahitaji fyuzi kubwa ya aina nyingine.

Kuchaji kwa mara ya kwanza

Supakapasita tupu huonekana kwa chanzo kama waya uliogusanishwa. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya gari utapata cheche kali, vituo vilivyoyeyuka, na pengine betri iliyopasuka. Njia sahihi ni chanzo chenye mkondo uliodhibitiwa. Muda wa kuchaji ni faradi mara volti, gawanya kwa ampea: faradi 83 hadi volti 13.5 kwa ampea 5 ni sekunde 225 hivi.

Asiye na chanzo cha namna hiyo anaweza kuweka balbu ya taa ya mbele ya gari, volti 12 na wati 55, katika mfuatano kati ya betri na benki. Balbu itawaka kwa nguvu, kisha itafifia kadiri benki inavyojaa. Ni njia nzuri, mradi ikumbukwe kwamba balbu hupunguza mkondo tu na haijui kikomo cha volteji. Benki itaendelea kupanda hadi ilingane na chanzo.

Kwa sababu hiyohiyo paneli ya sola ni hatari kuliko inavyofikiriwa. Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa volti 18 hadi 22 isipokuwa na mzigo. Benki ya seli sita ikiunganishwa nayo moja kwa moja asubuhi, kufikia adhuhuri inaweza kuwa na volti 3.5 kwenye kila seli. Tumia kidhibiti chaji siku zote, na ujue kwamba vidhibiti vingi vya betri havijiwashi vikikuta sifuri. Vinahitaji benki ichajiwe kwanza kwa balbu hadi volti 11 au 12.

Katika chaji ya kwanza, vaa miwani ya usalama, vua pete na saa, na usimame pembeni ya vifuniko, si juu yake. Simama kwenye volti 6, kisha 9, 12 na 14, na kila unaposimama upime seli zote moja moja na uandike. Tofauti ya volti 0.05 ni ya kawaida. Ukiona seli moja inaikimbia benki kwa volti 0.2, usiendelee; iondoe.

Kumaliza chaji na kuhifadhi

Usiimalize benki kwa bisibisi. Tumia rezista ya ohmu 10 yenye wati 50, au balbu ya breki. Kwa rezista hiyo benki yetu inahitaji zaidi ya saa moja kufika karibu na sifuri, na uvumilivu ndio unaotakiwa. Ukiondoa rezista, volteji itapanda tena yenyewe bila kuunganishwa na chochote, kwa sababu chaji iliyojificha ndani ya vinyweleo inarudi kwenye uso. Benki iliyosoma sifuri jioni inaweza kuwa na volti kadhaa asubuhi. Kwa hiyo, baada ya kuimaliza, funga waya kati ya ncha mbili za kila seli na uuache hapo wakati wote wa kuhifadhi na kusafirisha. Kwa usafirishaji wa ndege, seli yenye zaidi ya watisaa 0.3 huhesabiwa kuwa mzigo hatari chini ya namba UN3499, na seli ya faradi 500 imeshavuka hapo.

Kuna aina moja isiyofuata kanuni hii. Kapasita za lithiamu, ambazo kwa kawaida hufanya kazi kati ya volti 2.2 na 3.8, huharibika zikishushwa chini ya kiwango hicho. Usizifunge waya. Zinafanana sana na supakapasita za kawaida kwa umbo, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kugusa.

Inavyokufa polepole

Mambo mawili huamua maisha ya supakapasita: joto na volteji. Kwa kanuni inayotumiwa na watengenezaji, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza maisha takriban maradufu, na kupunguza volteji kwa kati ya volti 0.1 na 0.2 huyaongeza maradufu vilevile. Seli iliyothibitishwa kwa saa 1,000 kwenye nyuzi 65 na volteji kamili inakadiriwa, kwa kanuni hiyo, kufika saa 16,000 kwenye nyuzi 25. Ukiiendesha kwenye volti 2.4 badala ya 2.7 unaongeza mara kadhaa juu ya hapo. Ndiyo maana benki iliyo kwenye kivuli huko Kabale itaishi miaka mingi kuliko pacha wake aliye ndani ya boksi jeusi la chuma chini ya jua la Moroto.

Katika kifo hiki cha polepole faradi hupungua na ukinzani wa ndani huongezeka. Kwa kawaida seli huhesabiwa imemaliza maisha yake ikipoteza asilimia 20 hadi 30 ya faradi, au ukinzani ukiwa maradufu ya ule wa mwanzo. Seli moja inayofanya kazi peke yake hapo si hatari, imechoka tu. Iliyo ndani ya mfuatano ndiyo inayoleta balaa, kwa hesabu ya volti 3.0 tuliyoiona.

Inavyokufa ghafla

Seli inayozidishiwa volteji haipasuki papo hapo. Kwanza huwa na joto kuliko jirani zake, kiasi ambacho mkono uliosogezwa karibu unakitambua. Kisha kifuniko, kilichokuwa bapa, huanza kutuna katikati, na ukiweka rula juu yake utaona mwanga pande zote mbili. Gesi ikizidi, alama iliyochongwa hufunguka kwa mlio mkavu au kwa mfoko hafifu, na panakuwa na harufu tamu ya dawa, inayofanana na ya etha. Unyevu hutokea pembezoni mwa ufa, na ukikauka huacha ukoko mweupe wa chumvi. Jambo linalowadanganya wengi hutokea baada ya hapo: seli hiyo, ikipimwa kwa multimita, inaweza kusoma volti 2.4 safi kabisa. Volteji inayo, lakini kimiminika kinaendelea kukauka, faradi zinaisha, na mzigo wa kwanza mzito utaiangusha. Seli iliyofunguka hairudishwi kazini kwa namna yoyote, wala haizibwi kwa gundi.

Kuna pia shoti ya ndani, ambapo karatasi ya kutenganisha hutoboka kwa joto au kwa kasoro ya kiwandani. Seli husoma karibu sifuri, na mzigo wake wa volteji hugawanywa kwa zilizobaki. Benki ya volti 14.4 yenye seli sita ikipoteza moja, tano zilizobaki zinabeba volti 2.88 kila moja, nazo zinaanza safari ileile. Mguu uliokatika ndani hufanya kinyume, yaani benki nzima hukatika, au hukatika na kurudi inapotikiswa.

Seli ikifoka au kushika moto

Kata chanzo cha chaji kama unaweza kukifikia bila kuinamia benki. Watoe watu wote, fungua milango na madirisha, na usiwashe kiberiti, swichi wala feni, kwa kuwa mvuke wa asetonitrili ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Usiinamie kunusa ili kuthibitisha. Moto mdogo uzimwe kwa kizima moto cha poda au cha kaboni dioksidi, ukisimama upande upepo unakotoka. Moshi wake unaweza kuwa na hidrojeni sayanidi na hidrojeni floridi. Ukishindwa kuuzima mara moja, ondoka na upige 999 au 112.

Kimiminika kikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyevuta mvuke mwingi apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwa sababu mwili huibadilisha asetonitrili kuwa sayanidi polepole, na dalili kama kichwa kuuma, kutapika, kuhema kwa shida na kuchanganyikiwa zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Daktari aambiwe neno asetonitrili waziwazi. Liandike neno hilo juu ya boksi la benki siku unayolijenga, pamoja na idadi ya seli na kikomo cha volteji, ili aliyepo siku hiyo asilazimike kulikumbuka.

Ukaguzi na seli zilizokufa

Mara moja kwa mwezi ichaji benki hadi kiwango chake cha kazi, pima seli moja moja, na ulinganishe na karatasi ya siku ya kwanza. Kaza vituo, futa vumbi, tazama vifuniko kwa rula. Seli ikianza kuachana na wenzake mwezi baada ya mwezi, ibadilishe kabla haijatuna, na mpya iwe imepimwa na kukaribiana na zilizobaki.

Seli zilizotolewa zimalizwe chaji, zifungwe waya, na ziwekwe kwenye chombo chenye mfuniko uliolegea mahali penye hewa. Zisiuzwe pamoja na vyuma chakavu vya alumini. Anayeyeyusha alumini ili kusubu masufuria ataona kopo zuri zito na kulitumbukiza kwenye tanuri bila kujua kwamba limejaa kimiminika kinachowaka na kutoa sayanidi. Wakabidhi wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na mpaka wapatikane, seli zikae kwako zikiwa na waya wake.